Alama ya vema kando ya 3.4

Shangazi yangu ana daftari la kuandikia sukari yake, na ana kalamu mbili. Nyekundu ni ya namba zinazovuka 10. Bluu ni ya zilizobaki. Siku niliyolishika ili nimnakilishie vipimo vyake kabla ya kwenda kliniki, nilikuta ukurasa mzima wa bluu, na kando ya 3.4 ya asubuhi moja ameweka alama kubwa ya vema.

"Hiyo siku nilijitahidi," akasema.

Nikamuuliza alijisikiaje siku hiyo. Akafikiri. Hakumbuki vizuri, ila anadhani alishinda amelala, mwili ulikuwa mzito tu.

Ile alama imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Shangazi anajua kusoma mashine yake kuliko mimi, kwa hiyo tatizo halikuwa ujinga. Kilichonisumbua ni kwamba alama ile ilikuwa na mantiki yake. Tangu alipoambiwa ana kisukari, kila aliyevaa koti jeupe amemwambia ashushe. Punguza hiki, acha kile, tembea, meza dawa, shusha. Ameshusha. Hakuna aliyemwambia asimame wapi.

Amepewa dari, hakupewa sakafu.

## Sakafu ipo

Ni 3.9 kwa mashine zinazosoma milimoli. Kwa wale ambao mashine zao zinasoma miligramu, ni 70. Mtu anayetumia dawa za kisukari akiona namba iliyo chini ya hapo anatakiwa achukue hatua, hata kama anajiona mzima. Hiyo ni ngazi ya kwanza. Ikiwa chini ya 3.0, yaani 54, ni ngazi ya pili: ubongo umeanza kukosa chakula chake. Ngazi ya tatu haina namba kabisa. Ni pale mtu anaposhindwa kujisaidia, mpaka mwingine amnyweshe au amchome sindano.

Hiyo ngazi ya tatu naiheshimu. Madaktari, watu wanaoishi kwa vipimo, walifika hapo wakaweka mashine chini na kuuliza swali moja: je, angeweza peke yake?

Ukijua hesabu yenyewe utaelewa kwa nini nafasi ni ndogo. Damu yote ya mtu mzima, sukari ikiwa ya kawaida, imebeba takribani gramu 5 tu za glukosi. Kijiko kimoja cha chai. Na ubongo, ambao ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, hula karibu asilimia 20 ya nishati yote tunayotumia tukiwa tumetulia, tena hauna akiba ya maana. Unategemea damu ilete, dakika kwa dakika, na damu inategemea ini litoe.

Kwa mtu asiye na kisukari mpango huu haukwami kirahisi. Sukari ikianza kuteremka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, kabla ya jambo jingine lolote. Ikizidi kuteremka, homoni nyingine iitwayo glukagoni hutolewa ili ini lifungue ghala lake, na adrenalini inafuata. Mwenyewe hata hajui kama kuna kazi imefanyika.

Kidonge kilichokwisha kumezwa hakina breki hiyo.

## Unameza nini?

Nilikuwa nikidhani, na naona wengi bado wanadhani, kwamba sukari kushuka ni tabia ya kisukari chenyewe: leo juu, kesho chini. Kwa kisukari cha ukubwani, karibu kila mara inaposhuka mpaka kuleta shida, iliyoshusha ni dawa. Na si kila dawa.

Metformini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Ikitumiwa peke yake ni nadra kumwangusha mtu. Hata zile dawa za miaka ya karibuni, kama zinazoitoa sukari kwa njia ya mkojo, zikiwa peke yake hazina sana tabia hiyo. Wenye tabia hiyo hasa ni wawili: insulini, na kundi la vidonge liitwalo sulfonilurea. Humo ndimo wamo glibenklamidi, gliklazidi, glimepiridi na ndugu zao.

Seli za kongosho zinazotengeneza insulini zina vijilango vya kupitishia potasiamu. Ukila, glukosi ikiingia kwenye seli, vijilango hivyo hufungwa, na kufungwa kwake ndiko kunakotoa insulini. Sulfonilurea huvifunga yenyewe. Haisubiri chakula. Umekula hujala, umekula nusu sahani ukaacha, umetapika, umetembea mwendo mrefu kuliko siku zote, yenyewe inafunga tu na insulini inamwagika.

Historia yake inasema yote. Mwaka 1942, mjini Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa akiijaribu dawa mpya ya jamii ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Baadhi yao wakaanza kuchanganyikiwa na kutukutika mwili, na wengine wakafa. Walipopima, sukari ilikuwa imeshuka mno. Mwenzake wa mji huohuo, mwanafiziolojia Auguste Loubatières, akaipeleka dawa ile kwa mbwa. Mbwa aliyeondolewa kongosho, dawa haikumfanya kitu. Kumbe ilikuwa inalisukuma kongosho litoe insulini. Kutokana na hapo ndipo zilipokuja kupatikana dawa za kisukari za kumeza.

Yaani kilichowaangusha wale wagonjwa wa homa ndicho kilichogunduliwa. Karatasi ya ndani ya boksi huiandika sukari kushuka kwenye orodha ya madhara, pamoja na kichefuchefu na upele. Mimi nisingeiweka huko. Hiyo ni kazi yenyewe ya dawa, imefanyika saa isiyo yake.

## Dozi ileile, mwili mwingine

Shangazi anameza glibenklamidi na metformini. Glibenklamidi yake aliandikiwa zamani, akiwa mnene, mwenye kazi ya kumzungusha kutwa, na anakula sahani ikaisha. Siku hizi amepungua. Anakula vijiko vichache kisha anaisogeza sahani pembeni na kuendelea na mazungumzo. Kidonge hakijapungua hata robo.

Halafu kuna figo. Ini huivunjavunja glibenklamidi, lakini vipande vinavyobaki navyo vinashusha sukari, na sehemu yake kubwa inategemea figo kutoka mwilini. Figo huchoka kwa umri, na kisukari huzichosha zaidi. Zikilegea, dawa ya jana inakutana na ya leo. Kwenye boksi imeandikwa dozi ileile. Ndani ya mwili imekuwa kubwa.

Hili wala si siri. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imeitaja gliklazidi, na inaeleza wazi kwamba glibenklamidi haiwafai watu waliovuka miaka 60. Shangazi aliivuka kitambo.

Nilitafuta wa kumlaumu, nikakosa, na hilo lilinikera zaidi kuliko kama ningempata. Kila hudhurio aliyeshika daftari aliona namba za asubuhi ni nzuri, akaandika "aendelee na dawa". Kila mmoja alikuwa sahihi kwa siku ile.

Hata HbA1c haikupiga kelele. Kipimo hicho huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, na wastani unaficha. Mtu anayepanda mpaka 13 na kuporomoka mpaka 3 anaweza kutoka na jibu sawa na aliyetulia kwenye 8 muda wote. Karatasini wanafanana.

## Hasira ya saa tano

Nyumbani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba shangazi amekuwa mkali. Uzee, wakasema wengine. Upweke, wakasema wengine. Alikuwa na muda wake, hasa kuelekea saa tano za asubuhi, ambapo ukimsemesha unajuta.

Siku moja nilikuwa pale. Alikuwa akitafuta funguo na zilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia, "Shangazi, hizo hapo umezishika." Akanitazama kwa muda mrefu, akaniuliza kwa nini nimezificha. Sauti ilikuwa nzito, maneno yanaburuzika. Juu ya mdomo wake palikuwa na jasho jembamba, na nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na umelowa.

Akaunyang'anya mkono wake. "Usinishike-shike!"

Mashine ikasoma 2.8.

Tulimnywesha maji yenye sukari huku akitutukana. Baada ya kama robo saa alishusha pumzi, akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona, akasema, "Mwanangu, umefika saa ngapi? Hata shikamoo yako sijaisikia." Nilikuwa naye tangu asubuhi. Alikuwa ameniitikia, na chai tulikunywa pamoja.

Kabla ya siku hiyo nilijua dalili za kwenye mabango: kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, jasho. Hizo ni kelele za adrenalini na mishipa ya fahamu, ndizo kengele. Lakini shangazi hatetemeki. Kwanza ana dawa ya presha ya jamii ya beta bloka, ambayo hunyamazisha mtetemeko na mapigo ya moyo. Jasho hailigusi, kwa sababu jasho lina njia yake nyingine, na ndiyo maana lile jasho la juu ya mdomo ndilo lililobaki kutuambia.

Pili, mwili unaoshuka mara kwa mara huzoea. Philip Cryer, mtafiti wa Marekani, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kulieleza jambo hili: kila sukari inaposhuka, inafifisha kengele ya safari ijayo, mpaka mtu anafika 2.8 bila kuhisi lolote na ubongo ndio unaoonyesha dalili za kwanza. Ubongo ukionyesha dalili, haujui kuwa ni dalili. Huwezi kumuuliza mtu "unajisikiaje" kwa kutumia kiungo kilekile kilichokosa chakula.

Kwa mtu mzima mambo haya huvaa sura za watu wengine. Ataonekana amelewa. Ataonekana anaanza kupoteza kumbukumbu. Anaweza hata kulegea upande mmoja wa mwili, watu wakadhani ni kiharusi. Usiku ni jasho la kulowesha shuka, ndoto mbaya, na kichwa kinachouma asubuhi.

Kuna habari njema hapa, nayo haitangazwi vya kutosha. Mtu akikaa wiki chache bila kushuka hata mara moja, kengele huanza kurudi. Hairudi yote kwa kila mtu, lakini inarudi.

## Upande wa pili

Nimeandika mpaka hapa nikiogopa kwamba kuna atakayesoma na kutupa vidonge vyake. Ngoja nijibishane mwenyewe.

Sukari ya juu inapofusha. Inaua figo, inaua hisia za miguu. Utafiti mkubwa wa Uingereza uitwao UKPDS, uliotoa majibu yake mwaka 1998, uliwafuatilia watu waliogunduliwa kisukari karibuni na ukaonyesha kwamba kuidhibiti sukari vizuri zaidi kunapunguza madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na figo. Na miongoni mwa dawa zilizotumika zilikuwamo sulfonilurea hizihizi ninazozisema. Kwa hiyo aliyemwambia shangazi "shusha" hakuwa anamdanganya.

Kisha ukaja ACCORD, huko Amerika Kaskazini. Watu 10,251, wengi wao wakiwa na kisukari cha siku nyingi na ugonjwa wa moyo au dalili za kuupata. Kundi moja lilisukumwa HbA1c ifike chini ya asilimia 6, jingine likaachwa kati ya 7 na 7.9. Mwaka 2008 wakalisimamisha lile la kwanza kabla ya wakati. Waliokufa humo walikuwa 257; kwenye la pili walikuwa 203. Na waliosukumwa zaidi ndio walioanguka zaidi kwa sukari kushuka vibaya.

Hapo nilitaka kupiga mstari na kusema, umeona? Lakini waliouchambua utafiti ule hawakuweza kuonyesha kwamba vile vifo vya ziada vilisababishwa na sukari kushuka. Inawezekana, haijathibitika. Ninachoweza kukichukua kwa uhakika ni kidogo zaidi: lengo linalomfaa mtu aliyegunduliwa jana halimfai moja kwa moja mtu mwenye miaka ishirini ya kisukari, moyo na figo. Chama cha Kisukari cha Marekani chenyewe kinakubali HbA1c ya chini ya asilimia 8 kwa mzee mwenye maradhi mengi.

Jambo jingine linalonitia shaka ni wale wanaoshuka bila kushuka. Mtu aliyezoea 15 kwa miezi, akiteremshwa haraka mpaka 6, anatetemeka na kutoka jasho kwelikweli. Hadanganyi. Lakini 6 haimdhuru, na akikimbilia sukari kila akitetemeka hatatoka kule juu. Bila kupima huwezi kuwatofautisha hawa wawili. Wapo pia ambao wameanguka mara moja tu, wakaogopa kiasi kwamba wanaruka dozi kimyakimya na kujiweka kwenye 14 kwa makusudi, na kliniki wanaitwa wagumu wa kufuata masharti. Hofu hiyo haina safu yake kwenye kadi ya kliniki.

## Kidonge kimoja kikafutwa

Kliniki aliyelisoma daftari vizuri alikuwa muuguzi kijana. Hakuanza na namba, alianza na saa. "Mama, hizi ndogo-ndogo mbona zote ni kabla ya chakula cha mchana? Asubuhi unakula saa ngapi?" Shangazi akajibu kwamba asubuhi ni chai tu, hana njaa. Na dawa? Dawa anameza alfajiri, kama alivyoelekezwa.

Daktari akaagiza kipimo cha figo, akaiondoa glibenklamidi, akaiacha metformini kwa kiasi ambacho figo zake zinakiruhusu.

Nilitegemea shangazi afurahi. Alinuna.

"Sasa ikipanda?"

"Ikipanda tutaiona, mama, tutaongea."

"Hata ikifika tisa?"

"Tisa kwako mimi sina ugomvi nayo."

Akanigeukia mimi, kana kwamba daktari ametoka chumbani. Miaka yote amejinyima, amechomwa vidole, amekataa vitu mezani mbele za watu, halafu anaambiwa 9 haina ugomvi. Kwake ilikuwa sawa na kuambiwa wamemkatia tamaa. Sikuwa na jibu la haraka, na daktari naye alikuwa na foleni. Nadhani mazungumzo haya yanahitaji muda kuliko yale ya kwanza kabisa, yale ya siku mtu anapogunduliwa, ila kliniki hayajapangiwa siku yake.

## Kwa anayeishi na mtu wa vidonge hivi

Sukari ikimshuka, akiwa macho na anaweza kumeza: gramu 15 mpaka 20 za sukari ya haraka. Glukosi, au sukari ya kawaida vijiko vinne vya chai kwenye maji, au juisi tamu. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini ya 3.9. Ikishapanda, mpe chakula chenyewe. Chokoleti iacheni, mafuta yake huichelewesha sukari tumboni. Na kama anatumia akabosi, dawa nyingine ya kisukari, sukari ya mezani itachelewa kufanya kazi kwa sababu dawa hiyo huzuia isivunjwe, kwa hiyo anahitaji glukosi hasa.

Usibishane naye. Mpe kwanza, matusi mtayazungumza baadaye.

Akiandikiwa dawa mpya ya ugonjwa mwingine, mtajieni anayemhudumia vidonge vyake vya kisukari kwa majina. Kotrimoksazoli, siprofloksasini na flukonazoli, dawa za kila siku kabisa, zinaweza kuiongezea nguvu sulfonilurea. Pombe nayo hulizuia ini kutengeneza sukari mpya, na athari yake inaweza kuja usiku au asubuhi ya pili, watu wakiwa wameshasahau kwamba alikunywa.

Akiwa amepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, kitakwenda kwenye mapafu. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Kama mna sindano ya glukagoni na mmefundishwa kuitumia, mchomeni huku mnaita msaada, ingawa kwa aliyekunywa pombe au aliyeshinda na njaa inaweza isimsaidie sana, maana ghala la ini liko tupu.

Na hili nimelisikia kwa wauguzi zaidi ya mmoja. Mtu aliyeangushwa na sulfonilurea akapewa sukari, akakaa kitako, akaanza kuongea na kudai arudishwe nyumbani, bado ana kidonge mwilini. Glukosi uliyompa itaisha ndani ya saa moja mbili. Dawa inaweza kuendelea kulisukuma kongosho kwa saa 24 na zaidi, na kwa mwenye figo dhaifu ni siku kadhaa. Atashuka tena, mara nyingi usiku, watu wakiwa wamelala. Huyo hata akizinduka anacheka, alazwe na apimwe usiku kucha.